Masafa ya kugawana: ugomvi uko kwenye wati, si kwenye chaneli

Watu wakijadili masafa ya redio yanayotumiwa na wengi, swali huwa chaneli: nani apewe ipi. Mimi naona chaneli ndiyo sehemu nyepesi. Kigumu ni nguvu ya kurusha mawimbi, na pa kukitazama ni ukanda wa 3550 hadi 3700 MHz (megahezi, kipimo cha masafa ya mawimbi) nchini Marekani, maarufu kama CBRS.

Ukanda huo una ngazi tatu za watumiaji. Juu wako wenyeji, hasa rada za meli za Jeshi la Majini. Chini yao wako walionunua leseni katika mnada wa 2020, ulioingiza takriban dola bilioni 4.58, na kampuni ya simu ya Verizon peke yake ilitoa bilioni 1.89. Ngazi ya tatu ni ya yeyote mwenye kifaa kilichoidhinishwa: shule, kiwanda, bandari, mtoa intaneti wa kijijini. Hawalipii leseni, na hawana kinga dhidi ya kuingiliwa na mawimbi ya wengine. Hakuna anayejichagulia chaneli. Kila mtambo huomba ruhusa kwa mfumo wa kompyuta uitwao SAS, unaojua mtambo uko wapi na antena yake ina urefu gani, kisha mfumo huupangia chaneli na kikomo cha nguvu. Rada ikigunduliwa, mtambo ulioamriwa kunyamaza una sekunde 60 tu.

Sasa wati. Mtambo mdogo wa CBRS unaruhusiwa wati 1 kwa kila 10 MHz, ule mkubwa wa nje wati 50, yaani wati 5 kwa MHz moja. Ukivuka 3700 MHz unaingia ukanda ambao kampuni za simu zimeununua zitumie peke yao, na huko kikomo ni wati 1640 kwa MHz mjini, 3280 vijijini. Ni mara 300 na ushei, kwa mawimbi yanayosafiri karibu sawasawa. Ndiyo maana mwaka 2024, Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipoomba maoni kama vikomo vipandishwe, kampuni kubwa za simu zilikubali haraka na kampuni za kebo zikapinga.

Hoja ya wanaotaka nguvu zaidi si ya kubezwa. Mtambo dhaifu haufiki mbali, kwa hiyo eneo lilelile linadai minara mingi, na kila mnara unataka kiwanja, umeme na faiba. Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, ukiongeza nguvu mara kumi umbali huongezeka karibu mara mbili. Inaonekana kidogo, lakini eneo linalofunikwa limekaribia mara nne. Kwa anayehudumia mashamba yaliyotawanyika, hiyo ndiyo tofauti ya kujenga na kutojenga. Tunalijua hilo hata huku: mwaka 2013 kampuni ya intaneti ya Mawingu na Microsoft walipotumia chaneli tupu za televisheni kuzunguka Nanyuki, Kenya, mvuto wa masafa hayo ulikuwa kwamba yanafika mbali.

Tatizo ni kwamba mawimbi hayakomi pale huduma inapokoma. Yakishakuwa hafifu mno kubeba data, bado yana nguvu ya kumchafulia jirani. Jirani naye hupandisha, nawe unapandisha tena, kama maduka mawili yaliyotazamana kwa spika, na mwisho uwiano wa sauti na kelele unabaki palepale. Mwaka 1993 watafiti wa mawasiliano Foschini na Miljanic walionyesha kwamba vifaa vinaweza kujirekebisha vyenyewe, kila kimoja kivyake, hadi vifikie nguvu ndogo kabisa inayotosha, mradi malengo ya wote yanawezekana kwa pamoja. Sharti lililofichika hapo ni neno “inayotosha”. Kampuni inayouza kasi haina kiwango inachokiona kinatosha.

Watakaoumia kwanza ni wa ngazi ya tatu, kwa kuwa hakuna anayelazimika kuwalinda.

Tena kuna ushahidi kwamba nafasi hupatikana bila wati. Juni 2024 Marekani ilirekebisha hesabu za maeneo ya kulinda rada, zilizokuwa na tahadhari kupita kiasi, na watu takriban milioni 240 wakawa wanaishi mahali ambapo huduma haikatizwi tena kwa ajili ya meli. Vikomo vya nguvu havikuguswa.

Kwa hiyo napinga kupandisha kikomo kwa nchi nzima, ila sioni sababu ya kijiji kisicho na jirani kubanwa kama katikati ya Chicago. SAS inajua kila mtambo ulipo. Iruhusu nguvu kubwa palipo wazi, iipunguze jirani akija. Pingamizi kubwa kwa pendekezo hili ni la kifedha: nani atakopa ajenge mnara kwa wati zinazoweza kunyang'anywa mwaka ujao? Ningempa muda maalumu wa uhakika, mfupi kuliko miaka 10 ya leseni za mnada, na jirani anayeingia kabla haujaisha aingie akijua atakutana na kelele gani.