Shimo la Kokoto Likishachimbwa Linabaki la Nani?

Nikiwaambia watu wa nyumbani Nakuru kwamba wikendi huku Nottingham, Uingereza, naenda kutazama ndege kwenye machimbo ya zamani ya changarawe, wanacheka. Kwao kwari ni vumbi, malori na akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo juani.

Mahali penyewe panaitwa Attenborough, kando ya mto Trent. Mashimo yalijaa maji, na tangu 1966 ni hifadhi. Kibisi wanaogelea humo wamebeba vifaranga mgongoni. Kule Needingworth, Cambridgeshire, kampuni ya Heidelberg Materials (zamani Hanson) bado inachimba, na kila kipande kinachokwisha hukabidhiwa shirika la kuhifadhi ndege la RSPB ili kiwe kinamasi cha matete. Hayo ndiyo makao ya ndege mmoja wa jamii ya kulastara, ambaye dume lake huvuma kama mtu anayepuliza chupa tupu. Mwaka 1997 madume waliosikika Uingereza nzima walikuwa 11 tu. Siku hizi wamepita 200.

Si kwamba Waingereza wanapenda ndege kutushinda. Vinamasi vyao walivikausha wenyewe ili walime. Ila huku kibali cha kuchimba hakitoki mpaka useme shimo utaliachaje, na ukimaliza unalitunza, kwa kawaida miaka 5.

Kwetu Sheria ya Madini ya 2016 nayo inadai mpango wa kurekebisha ardhi na dhamana ya fedha. Lakini zitazame kwari za mitaani: mwenye shamba kauza mawe, lori limeondoka, mvua imejaza shimo, watoto wanaogelea humo. Tunalikumbuka mtoto akizama.

Na nisiambiwe haya ni ya Ulaya tu. Kule Bamburi, Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji mwaka 1971, na leo watu wanalipa kiingilio kupaona.

Ndege wetu wala hawangoji serikali. Keremkerem hutoboa viota kwenye kingo za udongo zilizosimama wima, na ukuta wa kwari ulio laini unawafaa vilevile. Mchimbaji akiuacha ukuta mmoja msimu wa kutaga, akahamia upande wa pili, hasara yake iko wapi? Shimo la maji nalo lichongwe mteremko upande mmoja: mtoto apate pa kutokea, na ndege wa majini wapate pa kusimama.

Hela za kazi hiyo zitoke kwenye dhamana, iliyolipwa kabla lori la kwanza halijapakia. Na wa kwanza kuajiriwa kupanda matete wawe hao hao akina mama wa kokoto, maana shimo hilo wanalijua kuliko afisa yeyote wa kaunti.