Kitambaa kitoke juu ya sabufa

Sebule nyingi za Ngamiani na Chumbageni, hapa Tanga, utaikuta sabufa imesukumwa ndani ya shokesi, juu yake kitambaa cha kufuma, vitundu vya kutolea joto vimezibwa kabisa. Ikianza kunguruma, lawama zote kwa umeme. Umeme una makosa yake, sikatai, ila mara nyingi mwuaji ni hicho kitambaa.

Kinachotangulia kufa ni kapasita, zile za mviringo zenye majimaji ndani. Joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Iliyoandikwa 85°C, yenye umri wa saa 2,000 kwenye joto hilo, ikikaa kwenye nyuzi 65 itakupa kama saa 8,000. Kwa nyumba inayowasha saa 10 kila siku, hiyo ni miaka miwili na kidogo. Ikipata hewa ikashuka hadi 55, unavuka minne. Na Tanga ya Februari, sebule yenyewe hufika nyuzi 32 kabla hujawasha kitu.

Majimaji yakikauka, kapasita haichuji umeme sawasawa, spika zinanguruma hata sauti ikiwa sifuri. Chomoa waya ukutani, fungua, utazame. Kichwa kimevimba, au kuna utomvu wa kahawia chini yake? Ibadilishe. Kapasita kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kugusa. Weka ya 105°C, maikrofaradi (µF) zilezile, volti zilezile au zaidi. 25 badala ya 16 haina neno. Mstari wenye alama ya kutoa urudi upande uleule. Ukimpelekea fundi, mwambie wazi "mia na tano", la sivyo atakuwekea iliyopo mezani.

Akiwa amefungua, apake upya girisi nyeupe kati ya transista, zile zinazokuza sauti, na bati la kupoozea. Iwe nyembamba; ikijazwa kama siagi kwenye mkate, inazuia joto badala ya kulipitisha. Kipande cha ulanga kirudi mahali pake, kama kilikuwepo, transista isipige shoti kwenye bati.

Shokesi nayo itobolewe ubao wa nyuma, chini na juu, na ibaki nafasi ya sentimita 10 juu ya sabufa. Feni ya mezani kuielekezea siipendi: upepo wetu una chumvi, na chumvi ikishikana na vumbi kwenye saketi inapitisha umeme. Brashi kavu ya rangi kila miezi 6 inatosha.

Halafu rimoti. Sabufa nyingi ukizizima kwa rimoti, transfoma inaendelea kula umeme usiku kucha. Weka kiganja juu ya boksi alfajiri, utalikuta vuguvugu. Zima ukutani.