Andika Ndiyo, Mwanangu

Jumapili iliyopita niligombana na kaka yangu mbele ya sinia la ugali na migebuka, na mpaka leo hatujapigiana simu. Chanzo ni swali moja kwenye fomu ya kazi.

Mwanawe, ambaye nimemlea mimi hapa Mwanga, Kigoma, tangu darasa la tatu, ana leseni ya urubani wa biashara na saa mia mbili na kitu za kuruka. Saa hizo zimekula shamba la michikichi la babu yake na sehemu kubwa ya kiinua mgongo cha baba yake. Sasa kampuni moja ya nje inayorusha ndege ndogo za watalii imetangaza nafasi. Kijana akajaza jina, akajaza saa, akajaza cheti cha afya, akafika hapa: "Je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote?" Akaweka simu chini, akatutazama.

Baba yake hakuchelewa. "Andika hapana. Nani atakuja Kigoma kuulizia?"

Mimi ndiye niliyekwenda kumtoa ndani siku ile, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Ni miaka sita sasa. Alikuwa ametoka tu kumaliza kidato cha sita. Alikwenda Kibirizi asubuhi kupokea madumu ya mawese ya bibi yake yaliyokuwa yanakuja kwa boti. Akiwa anasubiri, bibi akampigia, wakaongea Kiha kama tunavyoongea nyumbani siku zote. Siku hiyo kulikuwa na msako wa wahamiaji haramu. Mnaoishi huku mnajua kilichofuata. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na kijana mkononi alikuwa na namba tu ya kitambulisho, kadi ilikuwa haijatoka. Akapandishwa kwenye gari pamoja na wengine, akalala ndani siku mbili. Nilikwenda na cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na mwenyekiti wa mtaa aliyefunga duka lake saa nne asubuhi ili anisindikize. Kalamu ya pale mezani ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi, ikabidi niiname ndipo nisaini. Kijana akatoka ameshika mkanda na kamba za viatu mkononi, vidole vyeusi kwa wino. Hakupelekwa mahakamani, hakusomewa shtaka lolote. Hata pole hatukupewa. Wino ulimtoka siku ya tatu.

Huko ndiko kukamatwa kwake kote.

Kwa hiyo nianze na waulizaji. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti, na kuyatupa kwenye kapu moja ni dhuluma. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia yake ithibitike. Aliyeshtakiwa! Huyu wangu hata hapo hakufika. Na dhuluma hiyo haiangukii watu wote sawasawa. Kijana aliyekulia mtaa tulivu wa Dar anaweza kufika miaka hamsini asijue selo inanukaje. Mtoto wa Kigoma, anayeishi karibu na Burundi na anayevuka ziwa tu akajikuta Kongo, anaweza kukamatwa kwa sababu ya lugha ya bibi yake. Halafu wote wawili wanapewa fomu ileile.

Marekani, ambako mambo ya anga yameandikiwa sheria nyingi mno, fomu ya serikali ya afya ya rubani inauliza kuhusu kukamatwa pia, lakini imelifunga swali hilo kwenye mambo ya usukani: kuendesha ukiwa umelewa au umetumia dawa, na makosa yaliyokufanya unyang'anywe leseni ya udereva. Kwa makosa mengine wanauliza hukumu. Rubani aliyeadhibiwa kwa ulevi barabarani anatakiwa kuitaarifu mamlaka yao ya anga, FAA, ndani ya siku 60. Hapo naona mantiki, maana pombe ya barabarani inaweza kupanda ndegeni. Kuongea Kiha hakujawahi kuangusha ndege.

Kaka yangu aliposikia hayo akapiga paja. "Si umeona? Swali lenyewe halina haki. Sasa kwa nini ajibu kwa haki?"

Hapo ndipo sauti yangu ilipopanda, na sijutii.

Niliwahi kusimama uwanjani kwetu, nje ya uzio, nikiwa na huyu kijana ana miaka kumi na moja, tukitazama ndege ndogo iliyokuwa inapakia wageni wa hifadhi ya Mahale. Rubani aliizunguka ndege yake peke yake. Akapitisha kiganja kwenye makali ya pangaboi, akainama chini ya bawa, akachota mafuta kidogo kwenye kichupa na kukiinua juani kuangalia kama yana maji. Hakuna aliyekuwa anamkagua. Wageni walikuwa wanapiga picha, wapakizi wanabishana juu ya begi. Kama angeliona tatizo akanyamaza, sisi wote tuliokuwa pale tusingejua kitu. Kijana akaniuliza, "Shangazi, na asipoangalia?" Nikakosa jibu.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Rubani wa ndege ndogo anatua kwenye kiwanja cha vumbi porini, gurudumu linagonga shimo kwa nguvu kuliko kawaida, abiria wanacheka na kushuka. Hakuna fundi karibu. Kipo kitabu cha ndege na kalamu, na rubani mwenyewe. Akiandika, ndege inasimama mpaka ikaguliwe, bosi anakasirika, wageni wanalala njiani. Asipoandika, mwenzake ataichukua kesho asubuhi akiamini ni nzima. Usafiri wa anga duniani kote umejengwa juu ya mtu anayeandika jambo linalomuumiza mwenyewe wakati hakuna aliyemwona. Sasa kaka, unataka mtoto wetu aingie kwenye kazi hiyo kwa kuandika uongo kwenye karatasi ya kwanza kabisa? Na ukimfundisha leo kwamba hapana ni jibu zuri pale ambapo hakuna atakayekuja kuulizia, kule porini atajibu nini?

Na kuulizia watakuja. Rubani hapewi kitambulisho cha kuingia eneo la ndege bila historia yake kuchunguzwa. Ni sharti la kimataifa, liko kwenye Kiambatisho cha 17 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Vidole vyake vilishatiwa wino mara moja, jina lake limo kwenye kitabu cha kituo fulani, na waliolala naye sakafuni wapo mjini. Likija kujulikana miaka kumi mbele, akiwa nahodha, hakuna atakayeuliza kama msako ule ulikuwa wa haki. Wataangalia fomu, waone alidanganya. Kukamatwa ulikuwa mkosi uliompata, lakini uongo utakuwa wake mwenyewe, umeandikwa na kutiwa saini. Kule Marekani uongo kwenye ile fomu ya afya unaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha hadi miaka 5, na leseni zake zikafutwa.

Nikamsimulia kisa cha Lyle Prouse, rubani wa Kimarekani. Machi 1990 nahodha huyu na wenzake wawili walirusha Boeing 727 ya Northwest Airlines kutoka Fargo kwenda Minneapolis wakiwa wamelewa. Walikamatwa baada ya kutua. Prouse alihukumiwa kifungo cha miezi 16, akapoteza leseni zote. Alikiri kwamba ni mlevi, akatibiwa, akasomea leseni zake upya, na kampuni ileile ikamrudisha. Alistaafu 1998 akiwa nahodha wa Boeing 747, na mwaka 2001 Rais Clinton akampa msamaha. Kosa lake lilikuwa kubwa na baya, sitalipamba. Lakini kama mtu wa namna ile alikubalika tena kwa sababu hakubaki na kitu cha kuficha, huyu wetu aliyeshikwa akiongea na bibi yake ana kipi cha kuficha?

Kaka akasema: watalitupa faili lake wakiona Ndiyo, hawatasoma maelezo. Nakubali, kwa shingo upande. Maombi ni mengi, nafasi chache, na mtu aliyechoka ofisini akitafuta sababu ya kupunguza rundo ataipata hapo. Inaniuma kulisema kwa sababu najua hilo shamba la michikichi halirudi. Lakini kazi iliyokosekana kwa ukweli inatafutwa kwingine, kwa leseni ileile.

Kwa vijana wengine mnaonisoma: lisomeni swali neno kwa neno. Likiuliza kama umehukumiwa na hujahukumiwa, jibu ni hapana, na huna haja ya kuongeza hadithi. Likiuliza kama umekamatwa, jibu ni ndiyo, kisha maelezo mafupi: tarehe, mahali, sababu uliyoambiwa, na lilivyoisha. Ambatanisha karatasi yoyote uliyonayo. Kama huna, nenda kaitafute sasa, kabla kazi haijatangazwa. Usilalamike kurasa tatu.

Na nyinyi mnaotunga hizo fomu, ulizeni hukumu. Mkiona lazima muulize kukamatwa, basi wekeni nafasi ya mtu kueleza, na mpeni anayesoma maelezo hayo muda wa kuyasoma.

Jana jioni kijana alinipitia. Alikuwa amechapa maelezo yake steshenari, ukurasa mmoja. Sentensi ya nne inasema: "Niliachiwa bila shtaka baada ya shangazi yangu kuthibitisha uraia wangu." Akaniomba nakala ya ile karatasi niliyosaini. Naiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na hati ya kiwanja na kadi zake za kliniki. Saini yangu pale imepinda hadi mstari wa chini, kwa sababu ya ule uzi mfupi. Tukaipiga picha mlangoni kwenye mwanga, mara ya kwanza kivuli changu kikaingia, tukarudia.

Kaka, fomu imetumwa ikiwa na Ndiyo. Kijana mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Jumapili njoo ule, nimepata kuhe.