Tambara Linavyokula Klia ya Gari Lako

Kila kiangazi kikiingia hapa Mbeya, kauli ile ile inarudi vijiweni: ditelingi, yaani kulisafisha gari kwa kina na kuitunza rangi yake, ni kuosha gari tu, jamaa wamepandisha bei. Inaniudhi, na inaniudhi zaidi ikitoka kwa mtu mwenye gari jeusi limetoka kuoshwa sasa hivi, tairi zinameremeta, roho yake imetulia. Ndugu yangu, lisogeze juani. Inama kidogo uangalie boneti pale mwanga unapopiga. Mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imejipanga kwa duara kuuzunguka ule mwanga. Bodaboda hawakuhusika hapo, wala matawi ya njiani. Imetokana na kuoshwa.

Gari lina chuma, juu yake praima (rangi ya msingi), juu yake rangi, na juu kabisa klia, tabaka angavu lisilo na rangi. Kwenye gari lenye rangi ya kiwandani, tabaka zote hizo kwa pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Unywele wa mtu ni karibu 70. Kwa hiyo kinachokufanya ujivunie gari lako, na kinachoikinga rangi na jua, ni chembamba kuliko unywele mmoja. Klia ikiisha, rangi inapauka na kubabuka, na hakuna polishi duniani itakayoirudisha. Hapo umebaki na fundi rangi na bunduki yake ya kupulizia.

Sasa tazama vumbi letu. Udongo wa kuanzia Rungwe kuja huku mjini ni wa volkano, na ndani yake mna chembe za lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo mama zetu husugulia visigino. Jiwe linalochonga gaga la mguu, likibanwa kati ya tambara na klia, litafanya kazi ile ile. Ongeza vumbi na kokoto za ujenzi wa barabara. Gari likitoka Uyole hadi Mbalizi mara moja tu mwezi wa Septemba, limebeba msasa wa kutosha.

Halafu angalia linavyooshwa. Ndoo ni moja, maji yameshakuwa tope, na ndani yake kuna sabuni ya unga ya kufulia. Sponji ni moja: imeanza na rimu, sehemu chafu kuliko zote, imepanda milango, sasa iko kwenye boneti. Ikidondoka chini inaokotwa, inachovywa, kazi inaendelea. Mwisho linakuja tambara la fulana kuukuu, linakausha kwa kuzungushwa, na kila mzunguko unaacha alama yake. Hiyo sabuni nayo ina ukali wa kutoa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inaondoa waksi yote (nta inayopakwa kuikinga rangi) na kukausha mipira ya milango na plastiki nyeusi za bampa mpaka zigeuke kijivu. Ndipo zinapakwa yale mafuta ya silikoni zionekane mpya, na siku tatu baadaye zimenasa vumbi kuliko mwanzo.

Kuosha kwa kweli kuna kanuni moja kubwa: usisugue mchanga. Maji ya presha yanatangulia, ncha ya mashine ikiwa angalau futi moja kutoka kwenye bodi, maana ukiisogeza karibu inang'oa rangi iliyokwisha kuachia. Kisha povu la shampuu ya gari isiyo na ukali, liachwe dakika tatu hadi tano lilegeze uchafu, lisikaukie hapo, ndipo usuuze. Rimu zina ndoo yake na brashi yake, na zinatangulia kabla ya bodi. Kwa bodi yenyewe ndoo ni mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia glovu, kila moja ikiwa na wavu wa plastiki chini ili mchanga ukizama usipande tena. Glovu iwe ya maikrofaiba, kitambaa laini cha nyuzi nyembamba sana. Anza na paa, shuka, mkono uende kwa mstari ulionyooka. Sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma viwe vya mwisho. Kukausha ni kulaza taulo nene la maikrofaiba juu ya maji na kulivuta taratibu, bila kukandamiza. Na yote haya yafanyike kivulini. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Julai inadanganya watu, wanaosha saa sita mchana boneti ikiwa ya moto, povu linakaukia juu yake na kuacha madoa ya maji yasiyotoka kwa kufuta.

Na hapo bado tunaosha tu. Ditelingi haijaanza.

Inaanza unapovaa mfuko laini wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya rangi iliyokwisha kuoshwa. Utahisi vipele. Vingine ni lami, vingine ni chembe za chuma za breki, na magari yanayoshuka Kitonga au mteremko wa Iwambi yanakuwa nazo tele, kwa sababu zinaruka zikiwa za moto na kuganda kwenye klia. Maji na sabuni havizitoi. Kuna dawa ya chuma: inapuliziwa, inageuka zambarau pale ilipokuta chuma, na inasuuzwa kabla haijakauka. Lami ina kiyeyusho chake, na tafadhali petroli isisogee hapo. Mabaki yanaondolewa kwa udongo maalumu wa ditelingi, donge laini la kufinyangwa linalotelezeshwa juu ya maji ya shampuu. Ule udongo ukidondoka chini, hata mara moja, tupa.

Baada ya hapo kinakuja kifaa ninachotaka kila mwenye gari akidai kwa sauti: kipimo cha unene wa rangi. Magari yetu mengi ni ya Japani yaliyotumika, na hakuna anayejua yalipitia nini. Paa likisoma 110 na mlango ukasoma 300, mlango huo ulishapigwa rangi upya, pengine na puti ya kuzibia mabonde ipo. Boneti ikisoma 75, fundi mwenye akili ataweka mashine ya polishi chini na kukwambia ukweli. Maana kupiga polishi ni kukata klia. Mkwaruzo hauondoki, kinachotokea ni kushusha sehemu yote inayouzunguka mpaka ilingane na kina chake. Kompaundi kali (polishi nzito ya kukata) na pedi ngumu vinaondoka na maikroni kadhaa kwa mkupuo, na hazirudi. Kwa hiyo fundi anajaribu kwanza kipande kama nusu mita kwa nusu mita, na pedi laini na polishi laini. Ikishindikana ndipo anapanda ngazi moja. Anabandika tepu kwenye kingo na mikunjo ya bodi, ambako klia huwa nyembamba zaidi na mashine ya kuzunguka upande mmoja inaunguza kufumba na kufumbua. Asiye na uzoefu atumie ile inayozunguka huku ikitikisika. Ni ya polepole, lakini inasamehe.

Ndiyo maana nasema kwa uchungu: anayekushauri upige polishi kila baada ya miezi miwili anakumalizia gari. Gari lililosahihishwa vizuri mara moja, kisha likaoshwa kwa ndoo mbili, linaweza kukaa miaka bila kuhitaji kompaundi tena. Na kuna polishi zenye mafuta yanayojaza mikwaruzo bila kuitoa. Ukiosha mara mbili yote imerudi. Kabla hujalipa, mwambie fundi afute paneli moja kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha aimulike taa. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Nakubali kwamba kazi kamili ni ghali, inachukua siku nzima au mbili, na gari linalobeba viazi kutoka Isongole halina sababu ya kufanyiwa yote hayo. Nakubali pia kwamba kijana anayeosha kwa elfu tano pale Mwanjelwa anataka magari mengi kwa siku ili ale. Lakini ndoo ya pili na glovu havimfilisi, na kuanza na presha kabla ya sponji hakumchelewishi hata dakika tano. Wateja ndio hawaombi.

Mengine kwa kifupi. Kupulizia dizeli injini ili ing'ae kunavimbisha na kuozesha mipira na bushi; acheni. Siti zikioshwa msimu wa baridi bila mashine ya kufyonza maji, sponji ya ndani haikauki na gari linanuka uvundo. Soketi za njano chini ya siti ni za eabegi, zisichomolewe swichi ya gari ikiwa imewashwa. Taa za mbele zilizofifia zinapigwa msasa wa maji kuanzia namba 1000, 2000 mpaka 3000, kisha polishi, kisha kinga ya jua; bila hiyo kinga, miezi michache zimerudi njano.

Kuhusu seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya klia inayokauka kuwa ganda gumu la kinga, ambayo sasa kila mtu anaitaka: haizuii mawe ya barabarani wala haifichi mikwaruzo. Ikipakwa juu ya boneti iliyochakaa, inaifungia ile mikwaruzo ndani, na kuitoa baadaye ni lazima ukate seramiki yenyewe kwanza. Ipakwe baada ya polishi, rangi ikiwa imefutwa kwa spiriti, ndani ya banda lililofungwa, na gari lilale humo saa 24 bila kuguswa na maji. Kwa mvua za Tukuyu, fundi asiye na banda asiipokee kazi hiyo. Wiki ya kwanza gari lisioshwe kwa sabuni ya aina yoyote. Kama fedha haitoshi, waksi nzuri kila baada ya miezi miwili au mitatu inalinda vya kutosha.