Ndafu Mwenye Wafuasi

Mimi ni fundi simu hapa Lindi mjini, na simu yangu mwenyewe ndiyo inayonifukuzia wateja. Kioo kina nyufa, betri inachomolewa kwa kucha, na tundu la hedifoni bado lipo, maana siku nitakayolazimishwa kuchaji masikio ndiyo siku nitakayorudi shamba. Mfumo iliyokuja nao niliufuta zamani nikaweka LineageOS, mfumo huria wa Android usio na kampuni ya simu nyuma yake. Programu nazichukua F-Droid, duka la programu huria, ambako hakuna anayeniomba namba ya simu wala kunitangazia mkopo wa dakika tano. Mteja akiiona mezani huuliza kama nayo imeletwa kutengenezwa. Nikimwambia ni ya fundi, anachukua yake taratibu na kuaga.

Sawa. Kuna wanaopenda uraka, ile pombe ya mabibo, mimi napenda simu inayonitii.

Elon Musk alipoinunua Twitter, Oktoba 2022, kwa dola bilioni 44, nusu ya watu niliokuwa nawafuata walifungasha virago wakahamia Mastodon. Nami nikaenda. Kwa wasioijua: ni mtandao wa kijamii, ilianzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, na haina seva moja kubwa, yaani kompyuta moja ya kuhifadhi akaunti, inayomeza watu wote. Anayetaka anafungua seva yake, anaweka kanuni zake, anapokea watu wake. Seva zote zinaelewana kwa utaratibu uitwao ActivityPub, ambao W3C, wale wanaopanga viwango vya wavuti, waliupitisha 2018. Matangazo hakuna. Mashine ya kukuchagulia cha kuona hakuna. Unaona walichoandika unaowafuata, cha karibuni kikiwa juu, basi. Nilikaa huko kwa raha zangu, mtu mzima nabishana na Wafini kuhusu betri.

Raha ilikwisha siku Shangazi alipokuja kubadilishiwa kioo.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hivi humu kwenye simu hakuna mahali ambapo mawifi zangu hawapo?"

Mmoja wa mawifi hao ni mama yangu mzazi, lakini mteja ni mteja. Nikamfungulia akaunti kwenye seva niliyopo mimi, inayoendeshwa na mwalimu mmoja wa muziki wa Uholanzi kwa pesa yake ya mfukoni. Shangazi akaondoka anacheka peke yake barabarani.

Haukupita muda, akaja Mjomba, kaka yake mama. Yeye alichoshwa na lile kundi la ukoo ambalo ukitafuta bei ya korosho unapata kwanza dua, kisha dawa ya nguvu za kiume, kisha dua tena. Akataka na yeye apelekwe "huko kwa shangazi yako". Bahati mbaya mwalimu wa muziki alikuwa amesimamisha kupokea wageni, jambo la kawaida kwa seva ndogo. Nikampeleka Mjomba kwenye seva nyingine, iliyokuwa inapokea watu bila maombi.

"Sasa mimi seva nyingine, yeye nyingine, tutaonana vipi?" akauliza. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. Mjomba anakaa Kitunda, ng'ambo ya pili ya ghuba. "Aaa, nimeelewa. Mimi Kitunda, yeye Lindi. Kila upande una mwenyekiti wake, na boti inabeba barua."

Nimesoma maelezo marefu ya wataalamu kuhusu jambo hili. Hakuna aliyemfikia.

Tulichokuwa hatukijui ni nani wanaoishi kwenye hiyo Kitunda yake mpya. Walikuwa wapenzi wa wanyama. Wajerumani na Waaustria wanaofuga paka wenye kilema, bata waliookolewa, punda waliostaafu. Ndiyo, punda wanastaafu huko, na mimi hapa sina hata bima. Mjomba hakushtuka. Ilikuwa Julai, mikorosho imechanua, akampiga picha beberu wake chini ya mkorosho akamweka bila neno. Hadi adhuhuri simu ilikuwa inatetemeka mfukoni kama ina homa. Mjomba aliniambia hata alipotoka hija hakusalimiwa hivyo.

Wenyeji wakamwomba kwa adabu kitu kimoja tu: akiweka picha aandike na maelezo yake, ili wasioona nao wasomewe na simu zao. Huo ni utaratibu mzuri na mimi nauunga mkono kabisa, ila sikujua utakutana na Mjomba. Nafasi ya ujumbe wa kawaida ni herufi 500, lakini ya maelezo ya picha ni 1,500, na Mjomba hakuwa mtu wa kuacha kitu sahanini. "Huyu ni beberu. Anatazama mashariki. Nyuma yake ni mkorosho wa marehemu baba. Kushoto kuna ndoo, si yangu, mwenyewe anajua." Na kuendelea, hadi historia ya mpaka wa shamba. Kuna vipofu Ulaya wanaoujua mgogoro ule kuliko baraza la kata.

Shangazi kwa upande wake alikuwa anaweka vyakula. Ming'oko, pilau, changu wa kupaka. Akaombwa, kwa adabu ileile, aweke onyo juu ya picha za chakula, kwani wapo ambao kula ni ugonjwa unaowatesa. Akanipigia simu. "Nifiche pilau? Kwani nimeiba?" Nikamweleza. Akaelewa, nusu. Tangu siku hiyo maonyo yake yakawa hivi: "ONYO: PILAU YA MBUZI. ASIYEALIKWA ASIFUNGUE."

Ikafika harusi ya mdogo wangu, mwezi wa Agosti. Kamati ikaundwa, Shangazi akawa mweka hazina. Siku hizi sherehe bila ndafu watu wanaihesabu kama futari, ingawa ndafu wenyewe tumewapokea kutoka kwa Wachaga. Mjomba akasimama kikaoni akamwahidi beberu wake. Alipigiwa makofi, akaketi, akanywa soda ya kamati. Kisha siku zikapita, na beberu akawa anaonekana kwenye picha tu.

Shangazi akaniandikia kwa faragha. Hapa naomba msome polepole. Kwenye Mastodon ujumbe wa faragha haumwendei mmoja uliyemkusudia. Unamwendea kila mtu ambaye anwani yake umeitaja ndani. Na Shangazi, mwanamke asiyependa utata, alitaka niwe na hakika anamsema nani. Kwa hiyo hakuandika "mjomba wako". Aliandika anwani kamili, na alama ya @ na jina la seva, kisha akaendelea: "ameahidi mbele za watu, sasa kazi yake kumpiga picha. Beberu gani hachinjwi, amekuwa mchumba? Kwa mama yako ndivyo walivyo, maneno mengi, mkono mfupi."

Boti ikang'oa nanga.

Mjomba hakujibu kwa faragha. Alijibu mbele ya dunia nzima, pamoja na picha: "SHEMEJI. MBUZI YUPO. JUMAMOSI ATACHINJWA, ATABANIKWA MZIMA, ATAWEKWA MAJANI MDOMONI, NA WEWE UTAKUWA WA KWANZA KULAMBA VIDOLE." Maelezo ya picha yakafuata, yakionyesha kisu kitapita wapi.

Wajerumani wakakibeba Kiswahili kile wakakipeleka kwenye mashine ya kutafsiri, na mashine, ambayo siku zote huniharibia hata salamu, siku hiyo ilifanya kazi yake bila kosa.

Nilikuwa nabadilisha mfumo wa chaji wa simu ya mtu. Nikaifungua yangu kuangalia saa, nikakuta maombolezo. Mmoja ameandika nukta tatu tu. Mmoja anauliza kama beberu ameshaambiwa. Mwingine, mtu wa utaratibu, hana neno na kifo chenyewe ila anaomba kiwekewe onyo. Mwenyekiti wa seva ya Mjomba alikuwa amepokea mashitaka mengi, akaandika kwa Kiswahili cha mashine: "Mpendwa mzee, jamii yetu ina huzuni."

Shangazi akaingia bila hodi. "Futa! Futa ile yangu!"

Nikafuta. Lakini kufuta huku ni kupeleka ombi kwa seva nyingine nazo zifute. Nyingi zinatii, ila hakuna seva inayoweza kufuta kichwani mwa aliyekwisha kusoma. Mjomba alikuwa amesoma. Na alikuwa amepiga picha ya skrini. Na alikuwa amekwisha kuvuka, tunamwona anakuja kutoka upande wa bahari, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, simu ameiinua kwa mwingine.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mkono mfupi nani?"

Nikaikumbatia pasi yangu ya kuchomelea. Shangazi akatazama dari. Wateja, ambao kwa kawaida wana haraka kama wanakimbiza basi, wakatafuta pa kukaa.

"Nipeleke kwa mwenye mtandao huu," Mjomba akaniambia. "Nina shauri naye."

"Hauna mwenyewe, Mjomba."

"Kila kitu kina mwenyewe."

"Huu kila seva na wake. Wa kwako yuko Ujerumani."

Akanyamaza. Simu ikalia mkononi mwake, akanipa nimsomee. Mama mmoja, Mjerumani, alikuwa tayari kumnunua beberu ili aishi, na ikiwezekana atafutiwe nafasi kule kwao, kwenye makao ya wanyama.

"Hao hao Wajerumani?" Mjomba akasema, na sauti ikabadilika. Akawageukia wateja. "Mwaka 1909 hadi 1913 walichimba pale Tendaguru. Babu zetu wakabeba mifupa kwa vichwa hadi bandari hii hapa ya Lindi. Leo yule mjusi wa kale, dinosaria, amesimama Berlin, kwenye jumba la makumbusho, kimo chake mita 13. Mjusi wamechukua. Mbuzi hawapati!"

Duka lote likapiga makofi. Kijana wa bodaboda alivua kofia. Hata mimi, ambaye nilikuwa naogopa kupigwa, nilipiga makofi, maana hoja ilikuwa imekamilika na miaka yake alikuwa nayo sawasawa.

Ila Shangazi ni mweka hazina.

"Shemeji," akasema kwa upole ambao sijausikia tangu nizaliwe, "hebu keti kwanza. Huyo mama, pesa yake ni hii yetu au ni euro?"

Nikasema euro. Kigoda kikatolewa, Mjomba akafutiwa vumbi akaketi. Shangazi akaanza kukokotoa kwa vidole: beberu mmoja wa euro anazaa mabeberu wangapi wa shilingi pale mnadani, na anayebaki baada ya ndafu anaweza kulipia turubai. Mjomba alikuwa anaanza kulainika. Nikamwandikia yule mama kuwa mzee anafikiria. Akajibu papo hapo, na nikasoma kwa sauti, nikitafsiri neno kwa neno: "Vizuri sana! Nitume hiyo pesa kwenye namba gani?"

Kimya. Mjomba akanitazama, akamtazama Shangazi, akawatazama wateja mmoja mmoja. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ule ujumbe wa ile pesa itume kwenye namba hii.

"TAPELI!"

Akaninyang'anya simu. Sijui alijifunza lini kuzuia watu, lakini alimzuia yule mama kwa kidole gumba kimoja, akamripoti kwa mwenyekiti, kisha akaniambia niandike kwa Kijerumani kwamba Lindi si wajinga. Shangazi alibaki anatazama pale euro zilipokuwa.

Harusi ilifana. Ndafu aliingia amebebwa na vijana, majani mdomoni, amekaushwa vizuri, na MC akawaita Kitunda wasimame. Maharusi walikata kipande cha kwanza, wakwe cha pili, na Shangazi aliyefuatia alikula huku Mjomba amesimama pembeni anahesabu vidole vinavyolambwa. Jambo moja tu lilikuwa geni: Mjomba alizuia picha. Mpiga picha wa kukodi alielekezwa keki. Wapwa wote tuliamriwa simu mfukoni. Nilidhani ni heshima ya meza.

Jumatatu asubuhi, beberu akaonekana Mastodon. Amesimama chini ya mkorosho, mzima, ndevu zake zote. "Huyu ni beberu," yakasema maelezo. "Anatazama mashariki." Ujerumani ikalipuka kwa furaha. Watu walisambaza ile picha mpaka nikaletewa na yule Mfini wa betri. Mwenyekiti wa seva akamwandikia Mjomba kumshukuru kwa moyo wake. Na hutamkamata Mjomba kwa uongo wowote. Hakusema popote kwamba ni ya leo. Kesho yake beberu akawa anatazama magharibi. Septemba akatazama kaskazini. Kadi ya kumbukumbu niliyomwekea ni kubwa.

Desemba, msimu wa korosho umepamba moto, maghala yamejaa na magunia yako kila kona, Mjomba akavuka tena. Akaweka simu mezani.

"Mjomba," akaniita, maana naye huniita hivyo hivyo, "kuna mama mmoja, nadhani ni mtaalamu wa mimea. Anasema amesoma kwamba huku kwetu korosho zinavunwa kuanzia Oktoba. Anauliza mbona mkorosho wangu bado una maua."

Nikaitazama picha. Maua yalikuwa mengi sana.

"Nimjibu nini?" nikauliza.

Mjomba alishika ndevu, akafikiri kwa muda wa mtu anayeheshimu swali.

"Andika: mabadiliko ya tabianchi."