Scotland Kuna Nafasi ya Kuchora, Pangani Kuna Macho

Kila nikirudi kwetu Pangani, pwani ya Tanzania, naambiwa, "Una bahati wewe, huko Ulaya ndiko kwa kuchorea mandhari." Nimeishi Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, miaka kumi na moja, na karibu kila Jumapili natoka na stendi ya kuchorea na sanduku la rangi mgongoni. Maneno hayo ni nusu tu ya kweli.

Kweli yenyewe ni kwamba kule ukipendezwa na mahali, unakaa. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi, hata kama ina mwenyewe, mradi asiharibu kitu. Nimechora vilima vya Pentland kondoo wa watu wakila majani pembeni yangu, na hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Mwanga nao hauna haraka: mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na vivuli virefu vinakungoja. Kwetu saa sita mchana kila mnazi umekalia kivuli chake, na jioni, hujamaliza kuchanganya rangi ya machweo, giza limeingia.

Mwaka juzi nikiwa likizo nilikaa ufukweni mbele ya hoteli moja. Mlinzi akaniondoa hata brashi sijailowesha. Iliniuma sana. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Basi kwa nini mzaliwa wa pwani afukuzwe mchangani na kijistendi chake cha miguu mitatu?

Nikapanda kivuko, nikavuka mto hadi Bweni, nikakaa karibu na mdomo wa mto. Haikupita muda, watoto wakajaa nyuma yangu, na mzee mmoja mvuvi akaja amekunja uso.

"Unapima viwanja vya nani?"

"Shikamoo mzee. Sipimi, nachora."

"Marahaba."

Akainama kwenye turubai, akatazama kimya muda mrefu. Nilikuwa nimechora ngalawa imetia nanga, omo, yaani sehemu yake ya mbele, likielekea baharini, na nyuma yake mikoko, mizizi nje, tope linang'aa.

"Mwanangu, hapa umeongopa. Chombo kikitia nanga hugeukia mkondo. Omo likitazama bahari, maji yanajaa. Sasa hili tope la maji kupwa umelitoa wapi?"

Nilikuwa nimeanza na ngalawa asubuhi maji yakipanda, nikamalizia mikoko yakishatoka. Saa tano nzima nimezitia kwenye picha moja bila kujua. Edinburgh wapita njia huniambia "nzuri sana" na kwenda zao. Nimechora mara nyingi Cramond, ufukweni mwa Edinburgh, ambako maji yakijaa hufunika njia ya kwenda kisiwani, na saa za maji nazisoma kwenye bango. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikosoa maji. Pengine nimekosea kwenye picha zote zile.

Rangi ya mafuta ilikuwa bado mbichi. Nikaifuta ngalawa kwa kitambaa, nikaichora upya omo likitazama juu mtoni. Mzee akaketi kwenye gogo, hakuondoka mpaka nikamaliza kamba ya nanga.