Habari ya kile kiputo, naisema mwenyewe

Najua sauti ya shoga yangu imeshawafikia. Ile ya dakika tatu, anayosimulia nilivyoingiza kiputo cha hewa kwenye kifaa cha maabara eti nikalia, ambayo dakika mbili na nusu anacheka tu. Sasa nisikilizeni na mimi, maana kaongeza chumvi: sikulia. Macho yalitoa jasho.

Ilikuwa zamu yangu kujaza chipu ya MinION. Kwa mliojiunga jana: ni kidude cha kuenea kiganjani, ndani kina utando wenye vitundu vya upana wa kama nanomita 1. DNA inapenya humo kama uzi kwenye tundu la sindano, na kompyuta inasoma herufi zake. Sampuli yangu ni majani ya muhogo yenye ugonjwa wa batobato. Siku mbili nasaga, nasafisha, mwisho nikaambulia mikrolita 75. Tone na nusu!

Vijana wa mafunzo kwa vitendo wamenizunguka. Na ujuaji wangu, nikapaza sauti: "Adui wa chipu ni hewa. Ikigusa utando, vitundu vinakufa. Kwa hiyo kwanza kabisa tunaivuta nje."

Nikasema. Sikufanya.

Nikachota mikrolita 800 za ile bafa, kimiminika cha kutangulizia kabla ya sampuli, pipeti (kile kifyonzi cha kupimia matone) nikaichomeka, nikaanza kubonyeza taratibu, kama bwana harusi anayelisha keki. Hewa niliyoiacha mlangoni mwa chipu ikaanza safari. Kiputo cha duara, kinang'aa, hakina haraka na mtu. Kikachungulia kwenye mfereji. Kijana mmoja akauliza, "Dada, ile si ndiyo hewa?"

"Maswali mwishoni."

Na kidole kinaendelea kubonyeza, jamani! Kidole changu mwenyewe! Kiputo kikaingia kwenye utando, kikatambaa upande huu hadi ule kama mwenye nyumba anayekagua vyumba, kikarudi katikati, kikatua. Badala ya kuachia, nikashtuka nikakandamiza pipeti hadi chini kabisa, pale inapotema hewa. Kikaja na mdogo wake.

Kimya. Friji tu inaunguruma.

Asubuhi vitundu hai vilikuwa 1,312. Nikapima tena: 41.

Dokta kaitwa, kaja, katazama, kavua miwani, kaondoka. Chipu nyingine imeagizwa, bei msiniulize. Mimi nimerudishwa kwenye kinu na mchi.

Jana yule kijana kaniletea soda, mrija ukiwa ndani. "Kunywa tu, dada. Hewa nimeshaitoa."